Hatari za Kisima cha Jirani

Mwaka ule wa ukame, katikati ya miaka ya themanini, nilikuwa nalipwa mshahara ili niwaulize watu wazima maswali ambayo, ningaliyauliza nyumbani, mamangu angalinizaba kofi. Na kweli aliponisikia nikiyauliza, alivua kandambili. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, karani katika ofisi ya maji mjini Malindi, na nilikuwa na kalamu mbili mfukoni ambazo nilitaka kila mtu azione.

Masika ilikuwa imetupita bila hata salamu. Mto Sabaki ulikuwa umejikunja katikati ya mchanga, pampu ilivuta matope kuliko maji, na mabomba ya Mambrui, kwetu nilikozaliwa, yalikuwa yakikohoa hewa tu. Watu wakarudi kwenye visima vya mababu. Vilikuwa vitatu: cha juu, cha kati na cha chini, na kila mtaa ulikuwa na chake na haukukubali kionewe dosari. Ofisi ilikuwa na bauza moja, lile lori la tangi la kuchukulia maji, na lilikuwa lizunguke vijiji vyote. Mambrui ingepata siku mbili kwa wiki, kwenye kisima kimoja tu. Swali lilikuwa kisima kipi.

Mkubwa wangu alikuwa na jibu. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mpole, mwenye tai shingoni hata jua lilipotaka kutuua, na alikuwa ametoka kwenye mafunzo na fomu mkononi. Fomu hiyo ilikuwa ya kupima hatari. Unaandika kila baya linaloweza kukipata kisima: kukauka, kuingia chumvi, kubomoka, kuchafuka. Kila baya unalipa alama, moja hadi tano, kwa uwezekano wa kutokea, na nyingine moja hadi tano kwa madhara yake likitokea. Unazidisha, unajumlisha, na kisima chenye jumla kubwa ndicho kipatacho bauza. Alinieleza haya yote ndani ya gari, akichora hewani kwa kidole, na furaha yake ikaniambukiza. Nikasema moyoni, hesabu haina mjomba.

Nilichosahau, nami ni mzaliwa wa pale, ni kwamba kwetu baya halitajwi. Ukisema "mtoto huyu akianguka," utaulizwa kwa nini wamwombea aanguke. Maneno huumba. Baya hutajwa likishatokea, na hata hapo kwa sauti ya chini. Jema nalo halitajwi ovyo, watu wanaogopa kijicho. Katikati ya hayo mawili limebaki neno moja la salama, nalo ni alhamdulillahi.

Nikaanzia kisima cha kati.

"Mama, maji hayajapungua?"

"Alhamdulillahi."

"Yana chumvi?"

"Alhamdulillahi."

"Kwa hivyo yanatosha?"

Yule mama akaitazama kalamu yangu, akajifunika mtandio vizuri, akasema, "Twashukuru kwa yote, mwanangu." Kufika adhuhuri nilikuwa na fomu tano zilizojaa alhamdulillahi kuanzia juu hadi chini, kwa mwandiko wangu mzuri.

Mkubwa alizisoma zote, moja baada ya nyingine, hakuruka hata mstari. Kisha akainua kichwa.

"Hii alhamdulillahi," akauliza, "ni ngapi kati ya moja na tano?"

Nikamwambia inategemea imesemwa vipi.

"Na hapa ilisemwa aje?"

"Kwa kushusha pumzi."

Akafikiri kidogo, akaandika tatu.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kutaka bauza iende kisima cha juu, na sioni haya kuisema. Kilikuwa kisima chetu. Kamba yake ilikuwa imeungwa mara mbili, na maji yake yalikuwa yameingia chumvi hata chai ya mamangu ukaionja ukadhani ni mchuzi. Mamangu alikuwa na presha. Daktari alikuwa amemkataza chumvi, naye akaiacha kwenye wali, akaacha papa wa chumvi, akaacha hata achari ya ndimu aliyoipenda kuliko sisi wanawe, kisha kisima kikamletea chumvi mpaka ndani ya kikombe. Miguu ilikuwa imeanza kumvimba. Mimi siku za kazi nililala Malindi, na kila nilipomletea dumu la maji safi aliniuliza nani amesema maji yetu yana kasoro, kisha akawanywesha kuku. Kuku wetu walinawiri mwaka ule. Nilimwogopea mamangu, na nilimkasirikia kwa kunifanya nimwogopee.

Mkubwa akaamua kwamba shida ni mimi, kwamba sijui kueleza. Akaja mwenyewe. Akasimama kando ya kisima cha juu mbele ya kina mama waliokuja na ndoo zao, akaamkia vizuri kwa salamu niliyomfunza garini, na kina mama wakampenda. Hata mamangu, aliyekuwa akivuta maji, aligeuka akamjibu. Kisha mkubwa akakunjua karatasi.

"Sasa tuseme," akasema, "kesho asubuhi hii kisima ikauke kabisa."

"Astaghfirullahi!" wakasema wote kwa pamoja. Bibi mmoja akatema mate chini mara tatu.

Mkubwa akadhani hawajamsikia. Akaongeza sauti. "Ama tuseme mtoto wa huyu mama aingie ndani!" Akamwonyesha kwa kidole mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Yule mama akaacha ndoo palepale, akaondoka mbio na mwanawe, na kilichobaki machoni petu ni nyayo zake.

"Ama tuseme kamba ikatike!"

Kamba ikakatika.

Mimi nimesoma, na najua kamba ile ilikuwa imeoza, na ingekatika siku ile hata kama mkubwa angalikuwa Malindi akinywa soda. Lakini nilirudi nyuma hatua mbili. Ndoo ya mamangu ilikwenda chini, ikagonga ukuta huku na huku, ikaingia majini. Mamangu alikuwa bado ameshika kipande cha kamba. Akakitazama, akamtazama mkubwa.

"Wewe ndiwe uliyeiita, bwana," akamwambia kwa adabu. "Ingia uitoe."

Na mkubwa, kwa upole wake, akavua kiatu kimoja. Nikamdaka kwa tai. Ilibidi aende mtu kuazima kiopoo, ile nanga ndogo ya kulabu tunayoopolea ndoo, na mkubwa akasimama pembeni kwa mguu mmoja mpaka ndoo ikatoka, maana kiatu alichovua kilikuwa kimeshachukuliwa na mbwa. Tangu siku hiyo Mambrui walimwita Bwana Tuseme. Wakimwona anashuka garini, walifunika visima.

Baada ya hapo hata alhamdulillahi sikupewa. Nilikwenda kisima cha chini, nikauliza swali langu la kwanza, na kina mama wakanitazama kana kwamba nimebeba ndui. Mimi sina subira, sikuzaliwa nayo. Nikafunga fomu kwa kishindo.

"Haya, nyinyi hamna hatari," nikasema. "Na wale wa kisima cha kati nao hawana. Mambrui nzima hamna hatari!"

Mama mmoja akatua ndoo.

"Wale wa kati?" akasema. "Nani kakwambia hawana?"

Nikafungua fomu.

Alisema, mwenzake akasema, wa tatu akawakatiza wote wawili. Kisima cha kati kilikuwa na choo nyuma yake, na choo kilikuwa juu, kisima chini. Ukuta wake ulikuwa na ufa ambao mkono waingia. Paka alitumbukia mwezi wa Rajabu na hakuna aliyeona akitoka. Watoto wa pale walikuwa wakikalia ukingo na hawakukanywa, kwa sababu mama zao walikuwa wakitazamana mikufu. Yote hayo waliyasema kwa huruma kubwa, wakitikisa vichwa. Kumtajia jirani baya lake, nilielewa siku ile, hakuhesabiwi kuwa ni kutabiri. Ni kumwonea imani.

Nikapanda mbio hadi kisima cha kati na kuwauliza kuhusu cha chini. Kalamu ya kwanza ikaisha wino.

Mkubwa alipoona fomu alikaribia kulia kwa furaha. Tukakaa mezani tukaanza kutia alama. Choo: nne mara tano. Ufa: tatu mara nne. Tukafika mstari ulioandikwa "Jini."

"Hii ni nini?"

"Ni jini. Wa kisima cha chini. Wamesema kina mama wa kati, wote kumi na mmoja."

Mkubwa alikuwa mzee wa kanisa. Akalegeza tai, akaisoma tena fomu kutafuta pahali pa kubishia, hakupaona. "Uwezekano?"

"Wasema yuko. Si uwezekano, ni mkaazi."

"Basi tano. Na madhara?"

"Wasema hana neno na mtu, isipokuwa ukivuta maji adhuhuri bila kubisha hodi."

"Mbili," akasema mkubwa, akaandika, na mpaka leo naamini jalada fulani lina jini wa alama kumi.

Kikabaki kisima cha juu, na hapo ndipo nilipokwama. Nilikwenda mtaa wa kati, nikasema, "Na wale wa juu?" Watu wakatazama nyuma kwanza, kisha wakaniuliza, "Mamako hajambo?" Nilikwenda mtaa wa chini, hali ni hiyo hiyo. Mamangu, Mungu amrehemu, alikuwa na ulimi, na alikuwa na kumbukumbu. Alijua posa ya nani ilivunjika na kwa nini, na nani aliazima sufuria isirudi. Hakuna aliyekuwa tayari kukisema kisima chake kisha aje akutane naye arusini. Mkubwa akajumlisha. Cha kati na cha chini vilikuwa na alama mpaka pambizoni mwa karatasi. Cha juu kilikuwa na sifuri.

"Hii kisima yenu iko salama sana," akanipongeza.

Nikamwambia maji yake ni ya chumvi, na mamangu anayanywa, na miguu yake yavimba. Nikamwambia niandike mimi. Akasikitika kweli, lakini karani haruhusiwi kuwa shahidi wa mtaa wake. Lazima aseme mtu mwingine, na atie sahihi. Na fomu zilikuwa ziende Kilifi, makao ya wilaya, siku ya pili yake asubuhi.

Mambrui nzima palikuwa na mtu mmoja tu asiyemwogopa mamangu. Alikuwa jirani yetu wa mlango kwa mlango. Kichochoro kilichotutenga ndicho kilichokuwa mpaka wa mitaa, kwa hivyo yeye alitumia kisima cha kati na sisi cha juu. Zamani alikuwa shoga ya mamangu, wa kulala kitanda kimoja wakicheka, nami nilimwita mama mdogo. Miaka minane nyuma alisimamia wali wa arusi moja, na mamangu akaonja, akauliza mbele ya wakwe kama wali ule ni wa kula au ni wa mgonjwa wa jino. Hawakusemezana tena. Mamangu alipokuwa na neno naye, alimwambia paka, kwa sauti ya kuvuka kichochoro, na jirani naye alijibu kwa kumwambia kuku wake. Paka na kuku hao walikuwa wametukanana matusi ambayo siwezi kuyaandika.

Nilingoja mamangu alale mchana, nikavuka. Nilimkuta ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mamako ajua uko hapa?"

"Hajui."

"Basi ingia."

Nikamweleza fomu. Akaendelea kukuna nazi. Akasema yeye si mtu wa kumsema mtu, na kisima cha watu ni cha watu. Muda ulikuwa unakwenda. Nikafanya nilichofanya, na Mungu anisamehe.

"Haidhuru," nikasema. "Hata mamangu asema hakina ila. Asema ndicho kisima bora Mambrui, na maji yenu nyinyi ni ya kuoshea punda."

Mkono ukasimama juu ya nazi.

"Asema hivyo?"

"Asema."

"Toa kalamu."

Akaanza. Kamba ya kisima cha juu ilikuwa pima nane, sasa ni pima kumi na moja. Yeye huhesabu mivuto kwa sauti ya kapi. Chumvi imeingia, wala hahitaji kuonja, kwa sababu nguo za mamangu zikikauka kambani hufanya ukoko mweupe kwenye pindo, na sabuni haitoi povu, siku hizi afua mara mbili. Ukingo umemeguka upande wa kusini, na mamangu, kwa ukaidi wake, husimama upande huo huo. Niliandika haraka haraka, huku nikicheka kimoyomoyo kwa werevu wangu.

"Na akishavuta," akasema, "hupumzika mara mbili njiani. Kwanza chini ya mwarobaini, hujifanya atengeneza kiatu. Tena kwenye ngazi za msikiti, hujifanya asalimia watu. Saa hiyo hapana mtu wa kusalimiwa. Mguu wa kulia umevimba kuliko wa kushoto. Umeandika?"

Sikuwa nimeandika. Mimi, bintiye, sikujua kuhusu mwarobaini wala ngazi. Sikujua ni mguu upi.

"Wayajuaje yote haya, mama mdogo?"

"Nina dirisha," akasema kwa hasira. "Kila alfajiri nalifungua, namtazama mpaka aingie ndani. Akiingia, ndipo nakwenda kukoka moto wangu." Akaelekeza kidole kwenye fomu. "Hatari ya yeye kuanguka huko njiani, ina mahali hapo?"

"Ina mahali. Uwezekano, moja hadi tano."

"Tano."

"Na madhara, akianguka?"

Akarudi kukuna, kwa nguvu, na nazi ilikuwa imekwisha zamani. Alikuwa akikuna kifuu kitupu.

"Andika yote mliyo nayo," akasema.

Akatia sahihi bila kunitazama. Nilitoka pale nikasimama kichochoroni, nikapangusa macho kwa fomu ya serikali.

Mkubwa alipojumlisha, kisima cha juu kilivishinda vyote, jini na choo pamoja. Jumanne iliyofuata bauza iliingia mtaani kwetu ikipiga honi, na watoto wakaikimbilia. Kina mama walijipanga na madumu. Mamangu peke yake alibaki barazani mwetu, mikono kifuani, amevimba kwa ghadhabu.

"Nani aliyekiharibia jina kisima chetu?" akaniuliza. "Nisomee."

Nilikuwa na nakala. Nikamsomea, pale pale, nikiwa nimesimama mbali kidogo na kandambili yake. Kamba, alinisikiliza amenuna. Nguo na sabuni, akasonya. Ukingo, akasema mwongo mkubwa. Nikafika kwenye mwarobaini. Nikafika kwenye ngazi za msikiti, na kiatu, na mguu wa kulia. Nikasoma alama za mwisho, tano mara tano, na nikakunja karatasi.

Hakuniuliza tena ni nani. Alitazama kichochoro, akatazama lile dirisha, na mashavu yake yakalegea. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele, na nilipoona hayaji nikaogopa zaidi. Kisha akashuka barazani, akachukua ndoo ndogo, akaenda kwenye bauza, na watu wakampisha. Akaijaza. Nilitaka kumpokea, akanisukuma kwa kiwiko. Akavuka kichochoro polepole, maji yakimwagikia miguuni.

Jirani alikuwa dirishani. Hakujificha.

"Umesema mara mbili," mamangu akamwambia. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake kwa miaka minane. "Ni mara tatu. Ya tatu hukaa hapa chini ya ukuta wako, usiponiona."

"Najua," jirani akajibu. "Nakusikia ukihema. Ya tatu nilikusitiri."

Mamangu akatua ndoo. Akaketi kwenye baraza ya jirani yake, mbele ya bauza, mbele ya mtaa wote, akanyoosha mguu wa kulia, akapumzika.